Bafle, Sanduku na Chumba

Sauti ya muziki nyumbani hutengenezwa na vitu vitatu: spika, yaani koni yenye koili na sumaku nyuma yake, sanduku lililoibeba, ambalo pamoja na vyote vilivyomo ndilo bafle, na chumba ambamo bafle hiyo inapigwa. Uvira, kuanzia Kavimvira mpakani hadi Kalundu bandarini, anayetaka sauti bora kwa kawaida hununua bafle kubwa zaidi, au ampli ambayo katoni yake imeandikwa wati nyingi zaidi. Mara nyingi pesa hiyo inapotea. Sehemu kubwa ya kasoro hutoka chumbani na kwenye sanduku, na huko kinachohitajika ni matofali, vikwembe, gundi, kisu na muda wa jioni chache. Utaratibu unaofaa ni kuanza na chumba, kisha sanduku, halafu spika, na ampli mwisho.

Sebule nyingi za mjini zina kuta za matofali ya kuchoma yaliyopigwa simenti, sakafu ya simenti, na juu dari la triplexi au mabati matupu. Simenti humeza karibu asilimia 3 tu ya sauti inayoigonga. Iliyobaki hurudi chumbani, ikagonga ukuta wa pili, ikarudi tena. Katika chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8, nyuso zote zikiwa ngumu namna hiyo na ndani hamna kitu, sauti huchukua kama sekunde 3 kufifia. Mwimbaji anayetamka silabi nne kwa sekunde atakuwa na silabi zaidi ya kumi zinazoelea hewani kwa pamoja, na haishangazi kwamba maneno hayashikiki. Makochi, zulia, mapazia mazito na watu wachache wakiingia, muda huo hushuka hadi karibu nusu sekunde.

Hesabu hiyo ilitungwa na Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao mwangwi wake ulimfunika msemaji. Alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa tamthilia wa jirani, akaipanga kidogo kidogo usiku wakati mji umetulia, huku akipima muda wa mwangwi. Kipimo chake cha kumeza sauti kilikuwa dirisha lililofunguliwa, kwa kuwa sauti iliyotoka dirishani hairudi. Katika mji wa joto kama Uvira, ambapo madirisha hukaa wazi hadi usiku, kila mita ya mraba ya dirisha wazi hufanya kazi ambayo ingehitaji mita za mraba 33 za ukuta wa simenti. Anayelipa gharama yake ni jirani.

Njia ya kujua kama chumba kinahitaji kutulizwa ni kupiga kofi moja kubwa mahali pa kusikilizia. Ukifuata mlio mkali unaotetemeka kwa kasi, sauti inaruka kati ya kuta mbili zinazotazamana, na inatosha kuuvika mmoja wao. Lakini kikwembe kilichobandikwa bapa ukutani hakisaidii sana. Hewa iliyogusana na ukuta haina nafasi ya kusogea, na kitambaa humeza sauti pale tu hewa inapopenya na kutoka ndani yake. Kikitundikwa kwa mikunjo, sentimita 10 mbele ya ukuta, kitambaa kilekile hufanya kazi zaidi. Blanketi la zamani hukizidi, na godoro la sponji lililosimamishwa huvizidi vyote viwili. Mahali pa kutundika hupatikana kwa kioo: mtu mmoja anaketi anapopenda kusikilizia, mwingine anatembeza kioo ukutani, na pale aliyeketi anapoiona bafle kiooni ndipo sauti inaporuka kumfikia. Trei za mayai, zinazopendwa sana na wenye vistudio vya nyumbani, humeza kidogo tu katika sauti nyembamba na haziigusi kabisa besi; ni mapambo.

Besi ina mambo yake. Hewa yenye joto la nyuzi 25 hupitisha sauti mita 346 kwa sekunde. Sauti yenye mitikisiko 43 kwa sekunde, yaani hezi 43, ina wimbi la urefu wa mita 8, na chumba cha mita 4 hubeba nusu yake sawasawa. Hapo wimbi linalokwenda na linalorudi hukutana na kujengana. Katika chumba kilichotajwa, urefu wa mita 4 huvimbisha hezi 43 na mara mbili yake, 86. Upana wa mita 3.5 huvimbisha hezi 49 na 98. Kwa mpiga gitaa la besi hizo ni noti za fa na sol, kila moja ya chini na ya juu yake. Akizipiga, chumba kizima hunguruma. Akihamia noti nyingine, nguvu ile haimfuati. Msikilizaji huilaumu bafle, ilhali bafle imepiga noti zote kwa usawa. Chumba chenye urefu na upana sawa huwa na hali mbaya zaidi, kwa kuwa pande zake mbili huvimbisha noti ileile.

Hakuna kitambaa kitakachozuia wimbi la mita 8. Kinachowezekana ni kuhamisha bafle na kuhamisha kiti. Kila uso mgumu ulio karibu na bafle huongeza besi, kinadharia hadi desibeli 6 kwa kila uso, na bafle iliyowekwa sakafuni kwenye kona ina nyuso tatu. Bafle ndogo isiyo na besi hufaidika ikisogezwa ukutani. Bafle kubwa inayonguruma huponywa kwa kuondolewa konani. Kuna mtego mmoja kati ya hapo. Koni ikiwa sentimita 50 mbele ya ukuta, sauti inayorudi kutoka nyuma huwa imesafiri mita moja zaidi, na kwenye hezi 173 hukuta ile ya mbele ikiwa kinyume chake, zikafutana. Hezi 173 zimo ndani ya sauti ya mwanamume anayeimba, kwa hiyo kinachopotea ni unene wa koo lake. Basi mgongo wa bafle ama uukaribie ukuta kadiri inavyowezekana, ama uwe mbali nao kwa mita moja na zaidi. Nafasi ya katikati ndiyo inayotumiwa na watu wengi, na ndiyo mbaya.

Mafundi wana njia ya mkato ya kutafuta mahali pa bafle. Bafle huwekwa kwa muda pale pa kuketi, juu ya kochi lenyewe, wimbo wenye besi inayotembea ukapigwa, kisha msikilizaji akazunguka akiwa ameinama kando ya kuta. Mahali ambapo noti zote za besi zinasikika kwa nguvu zinazolingana ndipo bafle inapostahili kuwekwa, kwani sauti husafiri kwa namna ileile kutoka kochi hadi kona na kutoka kona hadi kochi. Kiti chenyewe kisiwe katikati kabisa ya chumba, ambako hezi 43 hutoweka, wala kisigusane na ukuta wa nyuma, ambako hulundikana. Theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma ni mwanzo mzuri.

Kwa bafle mbili, umbali kati yake na umbali wa kila moja hadi kwa msikilizaji ulingane, au ukaribie kulingana. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikae kwenye kimo cha sikio la mtu aliyeketi, yaani karibu mita moja, kwa sababu sauti yake hutoka kwa mstari na haipindi kona. Kiti cha plastiki hakifai kubeba bafle: hutikisika nayo, na kila mtikisiko wa sanduku ni mtikisiko ulioibwa kwenye koni. Mnara wa matofali ya kuchoma, wenye kipande cha kandambili au mpira wa tairi juu yake, ni imara kuliko stendi nyingi za dukani na gharama yake haifiki hata ile ya usafiri wa kwenda kuzinunua.

Kabla ya kufungua sanduku lolote, chumba kisakwe milio isiyo ya muziki. Programu ya simu inayotoa mlio mmoja unaopanda polepole kutoka hezi 30 hadi 300 itaamsha kila kitu kilicholegea: vioo vya kabati la vyombo, sahani zilizopangana, kipande cha bati ambacho msumari wake umelegea, kitasa cha mlango. Vingi hunyamaza kwa kipande cha karatasi iliyokunjwa au msumari mmoja. Milio hiyo huhesabiwa na wengi kuwa spika imepasuka, na spika nzima imeshatupwa zaidi ya mara moja kwa kosa la sahani.

Kitu kingine kisichogharimu chochote ni kuhakikisha kwamba nyaya za bafle mbili zimeunganishwa kwa mpangilio mmoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Moja ikigeuzwa, koni yake hurudi nyuma wakati ya mwenzake inakwenda mbele, besi inafutika, na mwimbaji anasikika kana kwamba hana mahali anaposimama. Rekodi za zamani ndizo kipimo bora hapa. Nyimbo za miaka ya 1950 zilizotolewa Léopoldville na lebo za Ngoma na Loningisa zilirekodiwa kwa chaneli moja, kwa hiyo sauti zote zinapaswa kutokea mahali pamoja, katikati ya bafle mbili. Zikitawanyika pembeni, waya wa upande mmoja ugeuzwe. Spika isiyo na alama hupimwa kwa betri ndogo ya volti 1.5 iliyoguswa kwa nukta moja: koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Sanduku ndilo linalofuata. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walieleza spika ya koili inayotembea ndani ya sumaku, ambayo kwa msingi wake ndiyo inayotumika hadi leo. Koni yake inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma. Bila kizuizi kati ya pande hizo mbili, hewa ya mbele huzunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma, na besi hufa kabla haijasafiri. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya sanduku: kutenganisha mbele na nyuma. Kila ufa kwenye maungio, kila tundu la skrubu lisilo na skrubu, kila pengo kati ya fremu ya spika na ubao ni njia ya kurudi kwenye hali ya bila sanduku, na hewa inayopenya hapo huongeza mluzi wake.

Masanduku mengi yanayouzwa sokoni kwa bei ndogo yana nyufa. Kwenye sanduku lililozibwa lote, koni ikisukumwa taratibu kwa vidole vilivyopangwa kuizunguka inapaswa kurudi polepole. Ikirudi mara moja, kuna mahali hewa inatoka. Maungio huzibwa kwa ndani kwa mchanganyiko wa gundi nyeupe ya mbao na vumbi la msumeno, ambao seremala yeyote wa Uvira anao tayari kwenye kopo. Chini ya fremu ya spika huwekwa ukanda wa mpira mwembamba uliokatwa kwenye chemba ya baiskeli. Marekebisho haya mawili peke yake hubadilisha besi ya bafle ya bei nafuu zaidi kuliko kubadilisha spika yenyewe.

Kazi ya pili ya sanduku ni kunyamaza. Likigongwa kwa kifundo cha kidole halipaswi kuimba. Ugumu wa ubao hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake, kwa hiyo triplexi ya milimita 18 ni ngumu mara nane kuliko ya milimita 9. Anayejenga sanduku jipya anunue nene. Mwenye sanduku jembamba tayari anaweza kukata kijiti cha mkaratusi kwa urefu unaolingana kabisa na upana wa ndani, akakikaza kwa gundi kati ya kuta mbili za pembeni, nje kidogo ya katikati ili vipande viwili vya ubao visiimbe noti moja. Hakuna kitu kingine cha bei hiyo kinachonyamazisha sanduku vizuri zaidi. Chungu cha udongo kilichochomwa vizuri pia ni sanduku la kushangaza kwa spika ndogo: ni kigumu, na umbo lake la mviringo halina kuta mbili bapa za kurushiana sauti. Kazi ngumu ni kufunga spika mdomoni bila kuacha pengo.

Ndani ya sanduku huwekwa kitu laini cha kuvunja sauti zinazorukaruka humo na kutokea tena kupitia karatasi ya koni. Blanketi la zamani, sufi, au sponji ya godoro iliyochanika vyote vinafaa. Sanduku lililozibwa linaweza kujazwa lote, kwa wepesi, bila kushindilia. Lenye tundu hufunikwa kuta tu, na njia ya tundu iachwe wazi.

Tundu hilo lina historia na hesabu yake. Albert Thuras wa maabara ya Bell alipata hataza yake Marekani mwaka 1932. Hewa iliyomo kwenye tundu na hewa iliyomo sandukuni hutikisika pamoja kwa noti moja, kama chupa tupu inayopulizwa mdomoni, na noti hiyo ikipangwa chini ya pale spika inapoanza kuchoka, besi hushuka zaidi. Tatizo la masanduku ya mitaani ni kwamba fundi hutoboa tundu na kuishia hapo. Sanduku la lita 40 lenye tundu la upana wa sentimita 7.5 kwenye ubao wa sentimita 1.5 huimba kwenye hezi 65 hivi, na matokeo yake ni ile besi ya noti moja inayopiga kila wimbo kwa namna moja. Tundu lilelile likiongezewa tiyo ya PVC ya upana huohuo wa ndani, yenye urefu wa sentimita 12 kwa jumla, hushuka hadi karibu hezi 44, ambako gitaa la besi lina noti zake za mwisho. Tiyo ya mabaki kutoka kwa fundi wa maji inatosha, mradi mdomo wake wa ndani uwe mbali na ukuta wa nyuma wa sanduku kwa kadiri ya upana wake au zaidi.

Hesabu hiyo hutegemea spika yenyewe, na vipimo vinavyohitajika vilipangwa na Neville Thiele mwaka 1961 huko Australia, kisha vikaendelezwa na Richard Small miaka ya 1970. Spika za sokoni Uvira haziji na karatasi ya vipimo hivyo. Kwa hiyo fundi hujaribu kwanza kwa mrija wa katoni, ambao hukatwa kidogo kidogo. Noti ya sanduku hutambulika kwa macho: mlio wa simu ukishuka taratibu, kuna mahali ambapo koni hukaribia kusimama huku hewa ikivuma kwa nguvu zaidi kwenye tundu. Chini ya noti hiyo koni haina tena kinachoishikilia na hurukaruka bure, kwa hiyo sauti isifunguliwe sana hapo. Na kama spika ni dhaifu na besi inabaki ya noti moja kwa urefu wowote wa mrija, tundu lizibwe kwa soksi iliyojazwa vitambaa. Besi itapungua, lakini kila noti itasikika ilivyo. Sanduku lililozibwa halina aibu: Edgar Villchur alilifanya kuwa biashara kubwa Marekani kuanzia mwaka 1954.

Maji ni adui wa masanduku mjini hapa. Ubao wa chenga za mbao zilizogandamizwa hunyonya unyevu kwenye kingo zake, ukavimba na haurudi tena, na bafle zilizokaa sakafuni Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipofurika na kuingia majumbani, hazikuwa na dawa. Kingo zote, pamoja na zile za ndani na za tundu la spika, zipakwe rangi ya mafuta au vanishi. Minara ya matofali ina faida yake hapa pia. Mdomo wa tiyo ufunikwe kwa kipande cha chandarua, ambacho sauti hukipita bila kizuizi lakini mende na panya hawakipiti. Chandarua hichohicho kikivutwa kwenye fremu ya mbao hufunika uso wa bafle vizuri kuliko kitambaa kizito, ambacho humeza sauti ya twita.

Spika yenyewe huharibika zaidi kwenye ukingo. Ukingo wa sponji humomonyoka kwa joto na unyevu baada ya miaka kadhaa hata kama spika haikupigwa. Kuutengeneza kwa chemba ya tairi ni desturi ya mafundi wengi, lakini mpira wa chemba ni mzito na mkakamavu: koni hukazwa na besi hupanda juu. Pete ya kitambaa chepesi kilichopakwa gundi ya mpira kwa tabaka jembamba hukaribia zaidi ule wa kwanza. Kabla gundi haijakauka, koni isawazishwe. Pengo ambamo koili hutembea ni sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hiyo koni husukumwa ndani kwa vidole vya mikono yote miwili kwa usawa, na sikio likiwa karibu. Ukisikika mkwaruzo, isogezwe mpaka unyamaze. Mpasuko kwenye koni ya karatasi huzibwa kwa karatasi nyepesi ya shashi na gundi nyeupe iliyotiwa maji, kidogo. Gundi nyingi ni mzigo ambao koni italazimika kuubeba kwa kila noti.

Twita inahitaji kondensa mbele yake, la sivyo besi itaiua. Kondensa ya mikrofaradi 4.7 na twita ya omu 8 hukata kwenye hezi 4,200 hivi; ya mikrofaradi 2.2 hukata kwenye hezi 9,000. Bafle nyingi za bei ndogo huwa na hiyo ya pili, na kati ya pale wufa, ile spika kubwa ya besi, inapochoka na pale twita inapoanza hubaki shimo ambamo sehemu kubwa ya ukali wa gitaa la sebene hupotea. Kubadilisha 2.2 kuwa 3.3 au 4.7 ni kazi ya dakika tano kwa mwenye chuma cha kulehemu, lakini twita itabeba nguvu zaidi, kwa hiyo ndogo sana zisisukumwe. Kondensa iwe ya aina isiyo na chanya na hasi. Ikikosekana, mbili zenye pande, za mikrofaradi 10 kila moja, zikiunganishwa hasi kwa hasi hufanya kazi ya moja ya 5.

Nyaya hazistahili sifa wala bei zinazopewa, ila unene wake ni jambo la kweli. Kwa umbali wa mita 5, waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 una karibu theluthi moja ya omu kwenda na kurudi, wa 1.5 una moja ya kumi tu, na kwa spika ya omu 8 huo unatosha kabisa. Waya mwingi wa sokoni ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, ambayo huzuia umeme kwa takriban mara moja na nusu. Kisu kikikwaruza na weupe ukatokea, uchukuliwe wa unene unaofuata.

Mahali waya mnene unapohitajika kweli ni kati ya batri na ampli. Umeme wa SNEL unapokatika, nyumba nyingi huendesha muziki kwa batri ya sola ya volti 12. Ampli inayovuta ampea 10 kwenye pigo la ngoma, kupitia mita 5 za waya wa 1.5, hupoteza zaidi ya volti moja njiani, na besi hukwama kila ngoma inapolia. Waya wa 6 hushusha upotevu huo hadi robo ya volti na ushei, na kuisogeza ampli karibu na batri hakugharimu kitu. Fyuzi kwenye chanya ya batri si ya hiari, kwa kuwa batri hiyo inaweza kuwasha nyumba. Ampli inayokubali volti 12 moja kwa moja isipitishwe kwenye konvertisa, hasa zile za bei ndogo ambazo umeme wake una kingo kali na huingiza mvumo kwenye spika.

Kuhusu wati zilizoandikwa kwenye katoni, hesabu ni fupi. Kwa volti 12 na spika ya omu 4, ampli isiyoinua volti ndani yake haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 safi kwa kila upande, hata ikiandikwa 1000. Hizo 18 zinatosha sebule yoyote. Nguvu ikiongezwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti inayosikika kwa shida kidogo. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, nguvu lazima iwe mara kumi. Kwa sababu hiyohiyo kitufe cha kuongeza besi kwenye simu ni hatari: desibeli 10 za nyongeza zinaidai ampli mara kumi ya nguvu, nayo ikishindwa hukata vichwa vya mawimbi. Mawimbi yaliyokatwa huzaa sauti nyembamba nyingi zisizokuwemo kwenye wimbo, ambazo huichoma twita kwanza. Ni salama zaidi kupunguza kinachozidi, kwa mfano ile noti ya fa inayovimba chumbani, kuliko kuongeza kinachokosekana.

Kinachobaki ni chanzo cha sauti. Wimbo ulionakiliwa kwenye kadi ya simu kwa kilobiti 64 kwa sekunde umeshapoteza matoazi na pumzi za mwimbaji, na hakuna sanduku litakalovirudisha. Nakala ya 192 au zaidi ya wimbo huohuo ni badiliko kubwa kuliko bafle mpya. Redio ya FM huishia hezi 15,000, ambazo zinatosha. Tatizo lake Uvira ni milima ya Mitumba iliyosimama nyuma ya mji: mawimbi ya redio huigonga na kurudi, antena ikapokea kituo kimoja mara mbili kwa kuchelewa kidogo, na herufi za s zikakwaruza. Antena isogezwe nusu mita, au igeuzwe, mpaka mkwaruzo upungue. Kituo kikibaki dhaifu, redio iwekwe kwenye mono, kwa sababu stereo ya FM huhitaji mawimbi yenye nguvu zaidi ili isikike bila mvumo.